Dawa ya Bi Zuleikha

Mwaka wa themanini na sita, kando ya njia iingiayo Kisumu Ndogo, Malindi, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Kila alasiri Kaingu muuza kahawa alipolitua dele, birika lake la shaba, ubao ule uligeuka mahakama. Badawi aliitwa Daktari, kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitali miezi miwili. Kiponda aliitwa Nahodha, kwani kazi yake ilikuwa kuwapeleka watalii kuvua. Ndirangu, muuza viazi kutoka bara, aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu asiyoijua hata mwenyewe. Siku hiyo Fumo aliketi kati yao, mkononi ana karatasi tatu zilizokunjwa, kila moja ina vidonge alivyopewa na mmoja wao. Mamake, Bi Zuleikha, alikuwa akitapika tangu juzi, na Fumo alitaka arudi nyumbani na dawa moja iliyo sahihi.

— Mpe vyangu, alisema Kiponda. Juzi Mzungu alitapika mpaka nikamwonea imani. Akameza kimoja, akalala fofofo, akaamka akidai samaki.

— Mamangu hakupanda mashua, Nahodha.

— Tumbo litajuaje? Kutapika ni kutapika.

— Wacha hivyo, alisema Ndirangu. Vyangu alipewa mke wangu akiwa na mimba ya binti yetu Wangu. Dawa isiyomdhuru mtoto tumboni itamdhuru vipi mtu mzima?

Badawi alicheka hata kahawa ikamwagikia kanzu.

— Ajuza wa miaka sabini na mitano! Wamtakia mimba, Mwenyekiti?

— Astaghfirullah, alisema Fumo.

— Sikiliza, Fumo, aliendelea Badawi. Mimi nilipasuliwa. Nilipozinduka na ile nusu kaputi nilitapika hata nyongo. Vidonge vyangu nilipewa na daktari mkubwa, na vimekaa kabatini miaka minne, rangi ni ile ile.

— Vingali na nguvu?

— Vimezidi! Dawa hukomaa, bwana.

— Basi tuvisage vyote, alikata shauri Ndirangu. Cha mashua kitulize kichwa, cha mimba kitulize tumbo, na hicho cha Daktari kishike zamu penye kidonda.

— Kidonda gani?

— Kikitokea.

— Na kile cha ugonjwa wa sukari mamako amezacho kila asubuhi, aliongeza Kiponda, kiwe mwenyeji wa kuwapokea wageni.

Fumo alizitazama karatasi zake. Ajabu ni kwamba kila rai, ilipokuwa ikisemwa, ilimwingia akilini. Ilipokwisha kusemwa, ilimtoka. Alikuwa ameanza kuzifungua zote tatu alipofika Mueni, muuguzi wa zahanati, na chupa yake ya kutiliwa kahawa.

— Shikamoo, mzee Fumo.

— Marahaba, mwanangu.

Fumo akamweleza yote, na wale watatu wakamsahihisha kila alipovuta pumzi. Mueni alivitazama vidonge asiviguse.

— Mara ya mwisho mama amekojoa lini?

Badawi aliinamia kikombe chake. Kiponda akatazama barabara. Ndirangu alimtazama Fumo, kwa kuwa swali lilikuwa lake kulijibu.

Siku mbili Fumo alikuwa akisimama nje ya pazia la chumba cha mama na kuuliza hali, na mkewe, Mwanatumu, akimjibu alhamdulillahi. Kuvuka hapo, mwana wa kiume aliyelelewa kama yeye hakuvuka.

— Sijui, alisema.

— Basi enda ukaulize sasa hivi; atapikaye hivyo asikojoe, maji yamemwishia mwilini. Kwa sasa usimpe kidonge hata kimoja. Mie nachukua mkoba, nakufuata.

Fumo aliziweka karatasi juu ya ubao, akaondoka, kahawa yake haijaonjwa. Njia nzima alitafuta maneno ya heshima ya kumwuliza mama jambo lile. Alifika mlangoni hajayapata, akalisukuma pazia, akaingia bila ya hayo.