Kazi ya Binti wa Brashi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, pale njia ya mtaa inapokata kona kuelekea kituo cha mabasi. Jua likianza kupoa, wenyewe tunakusanyika. Yupo Kinyozi, anayeongea na mkasi mkononi hata kama kichwa cha mteja kimeshaondoka. Yupo Honi, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye sauti yake bado inadhani iko barabara kuu. Yupo Mama Kahawa na birika lake, mkono mmoja anatumiminia, mwingine anatukemea. Mimi nipo pembeni na viatu vya watu, nashona na kusikiliza. Na yupo Brashi, mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye kope. Siku ninayoisimulia, Brashi alikuja amenyong'onyea, akakaa, akakishika kikombe bila kunywa.

— Nani kakuudhi? Honi akauliza.

— Hakuna. Ni mama.

Mama, kwa Brashi, ni binti yake. Alimpa jina la mama yake mzazi, na tangu mkewe afariki wamebaki wawili tu chini ya paa lile. Binti mwenyewe ndiye fahari ya kijiwe kizima. Kamaliza chuo, na muda si mrefu kapata ajira yake ya kwanza: mshauri wa mifumo ya biashara. Siku alipotuambia, tulipiga makofi, tukamwagiza Mama Kahawa birika jingine, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake. Kuanzia siku hiyo tukamwita Mshauri.

— Mama kafanya nini? Mama Kahawa akauliza.

— Hajafanya kitu, na ndiyo shida. Anarudi jioni, namwuliza, "Kazi?" Ananijibu, "Nzuri, baba." Basi, imeisha. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Jana nimemkuta amekaa kitandani na viatu vya kazini, hajavua. Nikamwuliza, "Kazi?" "Nzuri, baba."

— Si umwulize vizuri?

— Nimwulize nini, Mama Kahawa? Angekuwa mpaka rangi, ningemwuliza kama ukuta una unyevu, kama mwenye nyumba msumbufu. Angekuwa mwalimu, ningeulizia watoto. Mshauri wa mifumo unamwuliza nini? Marehemu mama yake angejua pa kuanzia. Mimi sijui. Ninyi mnaojua mambo, hebu niambieni huyu mtoto anafanya kazi gani, nipate cha kumwuliza.

Hakuna kitu kinachokifurahisha kijiwe chetu kama kuombwa maelezo ya jambo tusilolijua. Kinyozi aliacha kidevu cha mteja na povu lake.

— Hiyo rahisi, Honi akawahi. Mfumo ni kompyuta. Anatengeneza kompyuta. Mwulize kama zinachemka. Kila kinachokufa huanza kwa kuchemka.

— Hatengenezi. Ya nyumbani imekufa tangu mwaka jana, kasema hiyo si kazi yake.

— Jina linajieleza, jamani, Kinyozi akasema. Mshauri! Kwenye makampuni watu wa mauzo hawasemezani na watu wa stoo. Watu wa stoo hawasemezani na wahasibu. Yeye anaitwa, anawakalisha, anawasuluhisha. Ni kama ndoa tu.

— Na umri ule, ndoa yenyewe hajaijua, asuluhishe ya nani? Mama Kahawa akamkata.

— Ndiyo maana hali chakula! Ugomvi wa watu wazima unamwelemea.

— Basi mimi nawaambia ukweli, Honi akasema, akashusha sauti mpaka ikasikika ng'ambo ya barabara. Ni mpelelezi.

— Honi!

— Fikirieni wenyewe. Anaingia kampuni ya watu. Anauliza: mzigo unatoka wapi, nani anasaini, nani anashika ufunguo. Mimi nimekula barabara maisha yangu yote. Mtu akikuuliza nani anashika ufunguo, huyo hakushauri kitu.

— Mwanangu si mpelelezi, Brashi akasema.

— Baba wa mpelelezi yeyote husema hivyo hivyo.

— Wote mmepotea, Kinyozi akarudi. Nimesikia redioni. Siku hizi kampuni inafungwa ubongo. Ukishafungwa, bosi analala nyumbani, kampuni inajiendesha. Saruji ikipungua, inajiagizia yenyewe. Mteja akichelewa kulipa, inanuna yenyewe.

— Na ikikosea?

— Inajifukuza kazi.

Hata mteja mwenye povu alicheka. Mama Kahawa alicheka mpaka akaliweka birika chini. Brashi naye alitabasamu, lakini kwa adabu tu, kama mtu anayetabasamu msibani.

— Kwa hiyo nikifika nyumbani nimwulize, "Mama, ubongo umeshindaje?"

Hapo tukaona aibu. Tulikuwa tumemchezea mtu aliyekuja kuomba msaada wa kweli.

Ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, sketi ya ofisini, kandambili miguuni na viatu vya kisigino mkononi. Ilionekana ametembea.

— Habari za jioni, ndugu zangu. Natafuta kwa baba yake Mshauri, yule binti wa mifumo. Nimeambiwa niulizie kwa kinyozi.

Brashi aliinuka ghafla, kahawa ikamwagikia suruali.

— Ni mimi. Kapatwa na nini?

— Kaa, baba, kaa. Hana baya lolote. Mimi nafanya kazi pale alipopelekwa. Nimekuja kushukuru tu.

Tukasogea, akakaa katikati ya Brashi na Honi. Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuuliza. Yule mama akanywa funda moja, akaanza.

— Mimi ni karani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Mteja akinunua, naandika karatasi ya mzigo, ndipo lori linaruhusiwa kutoka getini. Nimefanya hivyo kwa mkono tangu binti yangu wa kwanza ananyonya, na sasa ana mtoto wake. Tukaambiwa kuna mfumo unakuja. Stoo, mauzo, uhasibu, wote tutaandika sehemu moja, kwenye kompyuta. Tukajua tu, wamekuja kuchukua viti vyetu. Siku binti yako anaingia na begi lake mgongoni, hatukumwonyesha hata mlango wa choo.

Brashi akainamisha kichwa.

— Yeye akawa anakaa na kila mmoja. "Nionyeshe unavyofanya kazi yako." Anatazama, anaandika. Kesho yake anarudi: "Mimi nimeelewa hivi. Nimepatia?" Kama hakupatia anafuta, anauliza tena. Halafu anakwenda kuupanga mfumo ufuate kazi yetu ilivyo. Akimaliza, anatufundisha kuutumia. Ndiyo kazi yenyewe.

— Si niliwaambia anauliza maswali! Honi akasema.

— Nyamaza wewe! Mama Kahawa akamwambia.

— Ikafika siku ya kuacha karatasi. Malori yamejipanga nje, madereva wanatukana. Na foleni yote imekwama kwenye meza yangu. Mikono inatetemeka. Nikibonyeza kitu, skrini ikibadilika, moyo unaniambia nimeifuta kampuni nzima. Meneja akaja, akasimama juu yangu, akasema, "Huyu kazeeka, hafundishiki. Mshauri, liandike hilo kwenye ripoti yako, tutafute kijana akae hapa." Alisema mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati.

— Mama akasemaje? Brashi akauliza, taratibu.

— Macho yakawa mekundu. Akasema, "Siwezi kuandika hivyo. Hajashindwa yeye. Mimi ndiye nilimfundisha kwa haraka. Naomba wiki moja." Meneja akampigia simu bosi wa binti yako. Bosi naye akamwita kwenye simu. Sauti yake ilikuwa inatoka nje, sote tunasikia. "Hiyo wiki ikiisha bado anakwama, na wewe usirudi ofisini kwangu."

— Alimwambia hivyo? Mwanangu?

— Alimwambia hivyo. Na yeye akajibu, "Sawa."

Kinyozi alikuwa ameshaweka mkasi chini. Mteja naye kageuza kiti.

— Nikamfuata chooni. Amefungua bomba, maji yanamwagika, lakini mtu anayelia anasikika tu. Nikagonga. Akatoka amenawa uso, ananichekea. "Shangazi, tuanzie wapi?" Nikamwambia, mwanangu, niache, usipoteze kazi kwa ajili yangu. Ndiyo kwanza umeanza, mimi namaliza. Hakunijibu. Akavuta kiti chake, akakaa ubavuni kwangu.

— Akakufundisha? Mama Kahawa akauliza.

— Akanifundisha kuharibu.

— Kuharibu?

— Kumbe kuna mfumo wa mazoezi, pacha wa ule wa kweli. Unauza saruji ya uongo kwa wateja wa uongo. Akanifungulia, akasema, "Leo hatutaki kupatia. Shangazi, haribu kila unachokiogopa." Nikaanza kwa woga. Nikauza misumari kwa mteja asiyekuwepo. Nikauza mabati kwa bei ya pipi. Nikafuta karatasi nzima ya mzigo, nikafumba macho. Kila nikiharibu anasema, "Safi sana. Sasa hapa tunatokaje?" Tunatafuta njia, tunatoka. Tunaharibu tena. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Asubuhi tunafika kabla geti halijafunguliwa, mchana wenzangu wanakula, sisi tunaharibu. Mpaka siku moja nikatazama mkono wangu, nikaona umetulia.

Akauinua ule mkono, akatuonyesha. Sote tukautazama kana kwamba ni kitu kipya.

— Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya wiki ile. Meneja kasimama nyuma yangu tangu asubuhi, hasemi neno. Malori yametoka moja baada ya jingine, hakuna aliyepiga honi.

Honi akatazama chini, akajikuna shingo.

— Mchana meneja kaniita. Nikajua naagwa. Ananiambia wanafungua mfumo kwenye tawi jingine, anataka mimi nikawafundishe makarani wa kule. Nimetoka pale miguu haishiki chini. Nikamtafuta binti yako nimwambie, nikamkuta anakusanya vitu vyake kwenye begi. Wanampeleka kiwanda cha sabuni. Anakwenda kuanza upya, na watu wasiomtaka, kama sisi tulivyokuwa. Nikaona nisilale kabla sijamwona aliyemlea. Asante, baba. Asante sana.

Brashi akapangusa kope kwa kiganja, rangi kavu ikabaki shavuni.

— Haya yote hakuniambia, akasema mwishowe. Aliniambia nzuri.

— Hakutaka kukutia hofu.

— Najua.

Yule mama akakizungusha kikombe mikononi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia basi:

— Sisi pale tukikwama, tulikuwa tunapaza sauti tu, "Mshauri!" Anakuja. Sasa yeye mwenyewe akikwama, humwita nani?

Honi akakiinua kikombe chake kitupu, akakinywa hivyo hivyo. Kinyozi akapangusa wembe uliokuwa safi. Mama Kahawa akatazama ndani ya birika. Mimi nikavuta uzi ambao ulikuwa umeshakaza. Kijiwe chenye majibu ya kila kitu, siku ile kilikosa hata la uongo.

Ndipo tukamwona anakuja. Anatokea upande wa kituo cha mabasi, begi mgongoni, begi jingine la vitu vya mezani mkononi, anatembea kama anayehesabu hatua. Yule karani akataka kuinuka kumkimbilia. Mama Kahawa akamshika mkono.

— Ngoja kidogo, mwenzangu. Mwache baba kwanza.

Brashi alikuwa ameshasimama. Hakumsubiri afike benchini. Alivuka barabara na suruali yake yenye kahawa, akampokea begi la mkononi, akamvua na lile la mgongoni, akalivaa yeye. Binti akashangaa, akacheka kidogo.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama.

Tukamwona Brashi anatafuta neno. Tukalisikia lile "Kazi?" la kila siku linakuja, tukalisubiri. Halikuja.

— Leo umekwamia wapi? Brashi akamwuliza.

Binti alisimama palepale. Alimtazama baba yake, akatazama kando, akamtazama tena. Akaanza kusema, "Hakuna, baba, ni," kisha akaacha, akaanza upya, na safari hii akaeleza. Sauti ikashuka, hatukuyasikia maneno. Tuliona mikono tu inavyopanda na kushuka, inachora kitu kirefu hewani, inakivunja, inakichora tena, na Brashi ameinamisha kichwa, mabegi mawili juu yake, anaitikia kila baada ya muda. Baiskeli ikaja ikawapigia kengele. Hawakusogea, ikawazunguka.