Utamu wa Kona ya Mingoyo

Pantoni ya kwenda Kitunda ilikuwa imeshaondoka nao ndani, kwa hiyo bibi Zakia hakuwa na pa kushukia. Bodaboda aliyempakia Lindi mjini, kijana Abilahi, kaegemea pikipiki yake anamsimulia alivyoanguka mwezi uliopita kwenye kona ya Mingoyo, na anasimulia kama mtu aliyetoka harusini. Mgongoni kwa bibi kalala mjukuu, na wakishavuka safari ni kwa pikipiki hiyohiyo mpaka kijijini.

"Bibi, usiombe. Tairi la nyuma likateleza, mimi huyo hewani. Kimya, hata injini siisikii. Mwepesi, kama sina mwili."

"Hukuumia?"

"Bega, na meno mawili." Akacheka, na kweli hayakuwepo. "Lakini tangu siku ile nikiiona kona, mkono unavuta mafuta wenyewe, mwendo uongezeke. Sisi tunaoshindana mbio tuko hivyo wote, wenzangu hawasemi tu."

"Basi unaumwa, mjukuu wangu."

"Ugonjwa mtamu huo, bibi."

Bibi akakaza fundo la kanga kifuani. "Na ukiruka leo, huyu wa mgongoni ataangukia wapi?"

Abilahi akamtazama mtoto, shavu limelalia mgongo wa bibi, udenda unamtoka.

Pantoni ikagusa ng'ambo, mlango ukashushwa, wenye pikipiki wengine wakawasha. Yeye akaanza kuisukuma ya kwake, haijawashwa, ufunguo kautia mfukoni, na bibi akamfuata nyuma kwa miguu.