Ngamia wa Mtoto wa Weris

Basi la Nairobi lilipotoka Garissa, mzee Ugas, aliyeketi mbele yangu, alimwambia jirani yake Sakariye kwamba tangu tezi dume yake ichomwe kwa leza anakojoa kama kijana. Sakariye, aliyekuwa akienda kutibiwa vivyo hivyo, akauliza, “Na chumbani je?” Nikageukia dirisha, masikio yakakataa kugeuka.

“Raha ipo, wallahi. Mbegu ndiyo haitoki, inarudi kwenye kibofu.”

“Kwa umri wetu, walaal, mbegu ya nini?”

“Nilitenga ngamia jike, wa kumpa mtoto wa mke wangu mdogo, Weris, siku atakapozaliwa. Ngamia mwenyewe ameshazaa mara mbili. Weris bado anamwita wa mtoto.”

Basi likasimama Ukasi, watu wajisaidie. Ugas alirudi upesi. Sakariye alikawia kichakani, akihangaika na matone, na Ugas akamtazama kwa wivu.