Historia ya Marehemu Dena Mwambire, Mbia wa Kinu cha Ganda

Mchungaji, wazee, shemeji zetu wa Adu na waombolezaji nyote, mimi ni Kalama, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale inaponichoma mwenyewe.

Marehemu Dena Mwambire alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Ganda, Malindi, kifungua mimba wa mzee Mwambire na mama Kahonzi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1945, akaacha kwa sababu baba alihitaji mkwezi wa minazi, kazi aliyoifanya hadi magoti yalipokataa.

Mwaka 1955 alimwoa Sidi, binti wa hapa Adu, wakajaliwa watoto sita.

Mwaka 1974 aliingia ubia na Bwana Phineas Ndirangu, aliyetoka Murang'a kutafuta riziki Malindi, Bwana Ndirangu akaleta kinu, mashine ya kukamua mafuta ya nazi, kaka akatoa shamba aliloachiwa na baba, ambamo baba amezikwa na vigango, nguzo za ukumbusho wa wazee wetu, vimesimama. Miaka minane walikula sahani moja, na mmoja akikataa jambo, halikufanyika.

Mwaka 1982 Bwana Ndirangu alisema kwamba ubia ni hatari, kinu kikianguka kwa madeni kitaangukia nyumba zao, afadhali wawe kampuni yenye hisa, wakili akaleta karatasi za Kiingereza, shamba liingie kwenye kampuni na kaka apewe hisa. Mimi ndiye niliyemsomea. Aliniuliza kama udongo nao unakwenda, nikamjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa kwetu mnazi huwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, wala hawagombani, basi kinu kitakuwa cha kampuni na shamba litabaki letu. Akatia sahihi kwa neno langu.

Mwaka 1985 kampuni kubwa ya Mombasa ilitaka kuungana na yao, kaka akakataa, Bwana Ndirangu, aliyemzidi hisa, akakubali, basi wakaungana kama papa anavyoungana na dagaa. Mwaka 1987 mashine zilihamishiwa Mombasa, shamba likazungushiwa seng'enge, na kaka alipokwenda kummwagia baba tembo la mnazi penye kigango chake, Mchungaji atanisamehe, mlinzi alimtaka kibali cha ofisi.

Januari 1988 alipatwa na kiharusi, akauguzwa na bintiye Easter, akawa anauliza jambo moja tu, atalazwa wapi. Tuliiandikia kampuni mara mbili, wakajibu kwamba mwenye hisa ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mwaka, haki ya kuzikwa haimo. Alifariki Jumapili tarehe 14 Agosti 1988.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ganda, wenzake wa kinuni, na shemeji Jefwa aliyempa kaburi katika shamba lake hapa Adu bila karatasi yoyote. Bwana Ndirangu ametununulia jeneza, yuko pale mbele, analia kweli, nasi hatujui tumfanyeje.

Kaka, ulinisikiliza mimi niliyesoma kukuzidi, nikakukosesha kulala karibu na baba. Pumzika kwa amani, kama ugenini inapatikana.