Kikwembe cha Kumtoa Mama Matanga

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana mimi ni mtu ambaye hakustahili kusimama mahali ambapo watu wanamwona. Wengi wa mtaa huu wa Mangobo mnanijua: Alfonsi, fundi wa nguo, yule wa karibu na soko. Wengine mnanijua kwa lile jina lingine, na sitalitaja ndani ya nyumba ya Mungu. Msicheke, ninyi wenyewe ndio mlinipa.

Ndugu zangu, wakati wa uasi, wale vijana wa msituni walipoingia Kisangani, waliniweka niwashonee. Sikushika bunduki hata siku moja. Nilishona tu, na niliogopa sana, hata risasi ikilia nilijidunga vidole. Mmoja wao akanipa bangi, hii tunayoiita diamba, akasema itaondoa woga. Kweli, woga uliondoka. Lakini ulipoondoka ulibeba na haya yangu yote.

Papa yangu alikuwa mbeba mizigo kule Simi-Simi, kwenye kiwanja cha ndege. Siku za mwisho za vita hiyo risasi ilimkuta njiani akirudi nyumbani. Walipomleta, mimi nilikuwa nimevuta. Ndugu zangu, nilicheka! Mama yuko chini analia, na mimi mwanawe wa kwanza nimeegemea ukuta nacheka. Sijui nilicheka nini. Hadi leo nikisikia mtu anacheka kwa nguvu barabarani, nainamisha kichwa.

Watu wananihurumia, wanasema waasi walimharibu mtoto wa wenyewe. Hapana! Waasi walikimbia, mji ukatulia, na mimi nikaendelea kuvuta. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilienda kwa miguu yangu, asubuhi, kabla hata ya kunywa chai.

Bon. Mnajua desturi yetu. Mjane anavaa nguo nyeusi mpaka siku ya kuondoa matanga. Kabla ya siku hiyo hauzi chakula sokoni, kwa sababu hakuna atakayenunua. Na Mama aliishi kwa kuuza kwanga, ile mikate yetu ya muhogo! Siku ikifika, wamama wa ukoo wanampeleka mtoni, wanamwogesha, ile nyeusi inaachwa iende na maji, naye anavishwa kikwembe kipya, kitenge kilekile wanachovaa jamaa wote. Hapo ndipo ametoka. Anarudi sokoni, anarudi kwa watu.

Tonton Rafaeli, mdogo wake Papa, ndiye aliyenunua kikwembe hicho. Kilikuwa cha buluu chenye maua meupe, cha kutosha ukoo mzima. Jamaa walitaka kipelekwe kwa fundi mwingine. Mama akakataa mbele ya wote: "Fundi iko mutoto yangu. Atanishonea yeye."

Muuza diamba alikuwa akija kwa mtumbwi kutoka upande wa Yanonge. Pesa iliniishia, nikaanza kumlipa kwa kipande kimoja tu cha kikwembe, cha binamu wa mbali. Nikajiambia, huyu hata hatakuja. Kisha kipande cha Tonton. Nilipima vizuri, nikakata kwa mstari, nikakunja, fundi mzima na ufundi wake. Tonton akiuliza namjibu, "Iko karibu kuisha, Tonton, imebakia vifungo tu." Mwishowe nilikata cha Mama. Msiseme diamba ilinisahaulisha. Nilijua ni cha Mama, na nikakata!

Siku ikafika. Walimwogesha Mama, nyeusi ikaenda na maji, wakaningoja nilete kikwembe. Alisimama pale ameloa, amejifunika kwa mikono, jua linapanda. Mtu aliyetumwa kunitafuta alinikuta nimelala chini ya meza yangu, mkasi mkononi, siwezi hata kusema jina langu. Tonton akavua koti lake, akamfunika. Mama yangu alipita Mangobo yote kwa koti la mwanamume, watoto wakimfuata nyuma. Wamama wazee wakaamua: mjane ambaye ukoo haukumvisha pale majini, hajatoka. Arudi kwenye nyeusi.

Ndugu zangu, baadaye nilimwona mke wa muuza diamba sokoni, amevaa maua yetu meupe. Nilipita njia nyingine.

Tonton alisema nisikanyage kwake tena. Nilingoja Mama naye anilaani. Siku chache baadaye alikuja kwenye mashini yangu, akaweka kitambaa cheusi mbele yangu. "Nishonee."

Nikamwambia, "Mama, enda kwa fundi mwingine. Mimi niko mubaya."

"Siendi kwa mwingine. Shona. Niko nakuangalia."

Nilijaribu kutia uzi kwenye sindano. Mikono ilikosa tundu, nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa. Mama akachukua uzi, akalowanisha ncha kwa mdomo, akainama akautia yeye mwenyewe. Kisha akakaa kwenye kigoda. Na mimi nikamshonea mama yangu nguo ya matanga, machozi yakianguka juu ya kitambaa. Hapohapo, mguu ukikanyaga mashini, nikalia: Ee Yesu, kama unawaona hata watu kama mimi, nitoe! Sikuwa na sala nyingine.

Sitawadanganya. Wazee wa kanisa hili walinikalisha kwao. Nilitoka jasho, nilitapika, niliwatukana wao na wake zao. Nilitoroka nikavuta tena, nikarudi sina pa kuficha uso. Walinifungulia mlango! Utukufu kwa Bwana! Hamu ile ikapungua, na siku moja nikaamka sikuitafuta.

Kazi ilirudi polepole. Hadi leo wamama wakiniletea kitambaa wanakaa palepale wakikilinda mpaka nimalize. Wana haki, siwalaumu. Nikashona hivyo, nikiweka akiba, hadi nikapata kikwembe cha maua yaleyale, nikamshonea Mama, na wamama wakampeleka mtoni mara ya pili. Safari hii nilifika kabla yao. Tonton alikuja pia, akasimama mbali nami, lakini alikuja.

Mikono yangu ilikuwa haijapona vizuri. Nilipomwona Mama ametoka majini amevaa, niliona mkono wa kushoto wa blauzi umepinda. Nikamwomba anirudishie niufumue. Akakataa: "Acha vile. Nilisha toka."

Asanteni, wapendwa, asante Mungu wangu. Ee kijana uliyekaa pale nyuma, wewe uliyeingia na harufu ile ninayoijua, sikuhukumu. Usinitegemee mimi, mtegemee Bwana. Na kama huamini kwamba anatoa watu, angalia benchi la pili, upande wa wamama. Yule wa maua meupe, mwenye mkono wa blauzi uliopinda, ndiye mama yangu. Kesho asubuhi utamkuta sokoni anauza kwanga.