Mama Funguo na Mlango wa Jenereta

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani mliofika kutusindikiza, kabla hatujaanza na tarehe, tunamwomba kila mmoja pale alipokaa aione korido moja, ile ndefu ya hospitali yetu, iliyopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno na nyeupe kwenda juu, yenye mabenchi mawili ya mbao mbele ya dirisha la dawa. Ni saa moja na nusu asubuhi, sakafu bado ina maji ya deki, wagonjwa wa kwanza wameshika kadi zao, na wauguzi wawili wamesimama mlangoni wakipiga soga. Sasa sikilizeni. Kutoka mwisho wa korido inakuja sauti ya chuma kikigonga chuma, na kabla mtu hajaonekana wale wauguzi wameshaachana, mmoja anatafuta kalamu, mwingine anatafuta mgonjwa, na mzee mmoja benchini anamnong'oneza mwenzake, “Kaa vizuri, Mama Funguo anakuja.” Huyo ndiye tuliyemleta hapa leo, na wengi wenu jina lake jingine hamkuwahi kulijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba mpasua mbao na mama mfumaji wa mikeka. Alianza shule ya msingi Januari 1960, shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara ya kiwanda, na alipofika darasa la tatu mwalimu wake alimkabidhi ufunguo wa kabati la chaki, kwa sababu chaki zilikuwa zikipotea. Tangu siku hiyo hazikupotea tena hata kipande, lakini pia siku aliyolala na homa hakuna mwalimu aliyeweza kuandika ubaoni, maana ufunguo ulikuwa chini ya mto wake. Mama yake alicheka mpaka machozi, akamwambia, “Wewe mwanangu utakuja kuolewa na kabati.” Kisa hicho marehemu alipenda kukisimulia kwa miaka mingi, watoto wakicheka naye, hadi ilipofika siku ambayo hakukisimulia tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akasoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, akajiunga na chuo cha uuguzi Januari 1971 na kuhitimu Novemba 1973. Tarehe 7 Januari 1974 aliripoti kazini katika hospitali yetu, wakati huo ikiwa na vitanda arobaini, chumba kimoja cha upasuaji na gari moja la wagonjwa lililowaka kwa kusukumwa. Hakuhama tena. Mwaka 1991 aliteuliwa kuwa mkuu wa wauguzi, na mwaka 1998 akawa msimamizi wa hospitali nzima, mwenye dhamana ya kila kitu kisichokuwa ugonjwa wenyewe, yaani mashuka, maji, magodoro, gari, umeme na milango.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za wauguzi, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kike mwaka 1978, wa pili wa kiume mwaka 1981, na kitinda mimba wa kike mwaka 1985. Mzee wetu huyu, ambaye yuko hapa mbele, amekuwa akisema siku zote kwamba mke wake hakuwa na uwezo wa kumfumania mtu yeyote, kwa kuwa funguo zilitangulia kupiga hodi, na yeye na wenzake walikuwa na muda wa kutosha kuficha ubao wa dama na kurudi kwenye cherehani.

Funguo hizo hazikuwa za mapambo. Marehemu alipopewa usimamizi, mashuka yalikuwa yakitoka wodini na kuonekana madirishani mwa watu yakiwa mapazia, na dizeli ya jenereta ilikuwa ikiisha bila jenereta kuwaka. Aligombana na madereva, aligombana na watu wa stoo, aligombana na mfanyakazi mmoja aliyemletea zawadi ya kuku ili anyamaze, akamrudisha yule kuku kwa kumbeba mwenyewe mchana kweupe kupitia getini. Aliweka kufuli kubwa kwenye mlango wa chuma wa chumba cha jenereta, ufunguo wake ukawa mmoja tu, na huo hakuuchanganya na mingine, aliuvaa shingoni kwa utepe mwekundu. Dizeli ikaacha kupotea. Fundi wa jenereta, kijana makini aliyekuwa ameajiriwa kama kibarua, alimwambia mara mbili, “Mama, na umeme ukikatika wewe hupo?” Naye akamjibu, “Mimi nitakwenda wapi, mwanangu?”

Tunafika sasa mahali pagumu, na tunapasoma kwa sababu marehemu aliagiza pasirukwe.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2003, marehemu alisafiri mwendo wa saa moja na nusu kwenda mji wa jirani, kwenye mkutano wa wasimamizi wa hospitali, ambako alikuwa amealikwa aeleze jinsi alivyokomesha wizi wa dizeli. Saa nne na dakika kumi asubuhi umeme ulikatika hospitalini, wakati mama mmoja muuza mboga akiwa katika chumba cha upasuaji, anapasuliwa ili mtoto wake atolewe. Fundi alifika mlangoni mwa jenereta akikimbia, akakuta kufuli. Alipiga simu mara kumi na moja, lakini simu ya marehemu ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba, kwa heshima ya mkutano. Alichukua nondo na nyundo, akapambana na lile kufuli dakika ishirini na mbili, mpaka viganja vikachubuka na kufuli likakatika. Ndani, daktari alimaliza kazi kwa mwanga wa dirisha na tochi mbili, na mama akapona, lakini mtoto, msichana, alitoka hana sauti, akahitaji mashine ya kumnyonya ute na taa ya kumpa joto, na vyote viwili vilikuwa vimekufa pamoja na umeme. Taa ziliporudi alikuwa amechoka mno. Aliaga dunia saa sita na robo mchana.

Katika zile dakika ishirini na mbili, marehemu alikuwa amesimama mbele ya ukumbi, anapigiwa makofi.

Alirudi saa nane mchana akiwa na cheti mkononi. Alimkuta fundi amekaa chini, mgongo ukutani, mikono imefungwa bandeji, naye hakulaumu wala hakupandisha sauti, alisema tu, “Mama, nilipiga simu.” Wanaokumbuka siku hiyo wanasema marehemu alipeleka mkono shingoni, akaushika ule utepe kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Cheti kile hakikutundikwa popote, na hatujui alikipeleka wapi.

Kesho yake asubuhi daktari mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwonyesha taarifa aliyokwisha kuiandika, kwamba fundi alichelewa kufika kituoni. Kwa haki yake tuseme kwamba hakufanya hivyo kwa ubaya, bali alimheshimu marehemu, na aliiogopea hospitali. Alimwambia, “Mama, wewe una miaka ishirini na tisa hapa, yule ni kibarua, atapata kazi kwingine. Nyamaza wiki mbili tu, mambo yatapoa.” Marehemu alimwuliza, “Na alichelewa wapi, daktari?” Daktari akasema, “Mama, usinifanyie hivyo.” Marehemu akajibu, “Nikinyamaza mimi, huu ufunguo hautanyamaza. Utalia kila nikitembea.”

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja wodini, kitanda cha nne upande wa dirisha, akavuta kiti, akamweleza yule mama muuza mboga kila kitu, bila kupunguza na bila kujitetea. Yule mama aligeukia ukutani. Baadaye sana, bila kugeuka, alisema maneno ambayo marehemu aliyabeba mpaka mwisho wa maisha yake: “Wote wamekuja kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Wewe peke yako umekuja kuniambia ni ufunguo.” Hakumsamehe siku hiyo, na marehemu hakuomba asamehewe siku hiyo. Mama huyo yupo nasi hapa, na haya tumeyasoma kwa ruhusa yake.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2003, kamati ya hospitali ilikutana katika chumba cha mikutano nyuma ya maabara. Taarifa iliposomwa hadi mwisho, marehemu alisimama, akavua utepe shingoni, akauweka ufunguo mezani, akasema, “Fundi alikuwepo. Dizeli ilikuwepo. Jenereta ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni hiki, na nilikuwa nacho mimi.” Kisha akakaa. Aliondolewa katika usimamizi siku hiyohiyo, akasimamishwa kazi miezi mitatu, na fundi akabaki kazini.

Siyo wote waliompigia makofi. Wapo waliosema amewavua nguo mbele ya watu, wapo waliopita koridoni wakitikisa funguo zao na kucheka, na daktari mkuu hakumsalimu kwa zaidi ya miaka miwili. Nyumbani, jioni ya siku ile ya kamati, mume wake alichukua tepu yake, akamsimamisha katikati ya chumba, akaanza kumpima mabega, kiuno na urefu. Marehemu akauliza, “Unafanya nini, baba watoto?” Mzee akajibu, “Nashona sare ya nesi. Ila umenenepa, ile ya zamani haitakuingia.” Watoto wanasema hapo ndipo mama yao alipolia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na alikuwa analia huku anacheka.

Tarehe 1 Desemba 2003 alirudi hospitalini akiwa muuguzi wa kawaida katika wodi ya wazazi, chini ya mabinti aliowafundisha mwenyewe, akapokea zamu kama walivyompangia. Hakubeba tena funguo, na wagonjwa wa zamani walilalamika kwamba sasa anawatokea ghafla. Yeye na fundi walipeleka pendekezo kwa kamati, likakubaliwa baada ya ubishi mrefu, kwamba ufunguo wa jenereta utundikwe kwenye msumari nje ya mlango ule, kwa utepe uleule mwekundu, mahali ambapo hata mtu mfupi anaufikia, na dizeli ipimwe kila asubuhi kwa kijiti, mbele ya watu wawili wanaobadilishana, na kipimo kitamkwe kwa sauti. Tangu hapo dizeli imewahi kupotea mara mbili, na mara zote mbili ilijulikana kabla ya saa sita. Vilevile kila mfanyakazi mpya, awe daktari au mfagiaji, kabla hajaonyeshwa meza yake hupelekwa kwanza kwenye jenereta, akafungua mlango, akaiwasha kwa mkono wake. Na kila Jumatatu saa mbili asubuhi umeme huzimwa kwa makusudi, watu wote wakahesabu kwa sauti mpaka taa zirudi.

Mwaka 2006 yule mama muuza mboga alikuja kujifungua tena, akasema mlangoni, “Niitieni yule wa ufunguo.” Mtoto aliyezaliwa ni wa kiume, mwenye sauti kubwa. Mwaka huohuo daktari mkuu alihamishwa, na Jumatatu yake ya mwisho alikwenda mwenyewe kuwasha jenereta, kisha akatoka nje ameshika utepe, akamwambia marehemu, “Sekunde kumi na tisa, Mama.” Naye akamjibu, “Fundi hutumia kumi na nne, lakini karibu.”

Marehemu alistaafu tarehe 3 Februari 2012, akaingia katika kamati ya hospitali kama mwakilishi wa wananchi hadi mwaka 2021. Oktoba mwaka huo aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa akiwa nyumbani na hospitalini kwa vipindi, na tarehe 28 Mei 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho, katika wodi ya wanawake, mita chache kutoka chumba cha jenereta. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, umeme ulikatika bila mtu kuuzima. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa amemshika mkono, aliona midomo ya mama yake inahesabu. Taa zikarudi. Marehemu akasema, “Kumi na moja. Wamejitahidi,” akafumba macho kupumzika, na saa tano na dakika ishirini akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomhudumia bila kuchoka na kuvumilia kusahihishwa jinsi ya kutandika kitanda, majirani waliopika, waliofua na waliolala nasi sebuleni siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na wewe fundi, ambaye leo ndiwe msimamizi wa hospitali ile, na ambaye hukuondoka ubavuni mwake hata siku moja.

Lala salama, mama yetu, upumzike kwa amani, mlango umeachwa wazi na taa zinawaka.

Nanyi mliomsindikiza, hatuwaombi mkumbuke mengi, maana mtasahau, kama sisi sote. Mkipita hospitalini, kwa heri au kwa ugonjwa, zungukeni kidogo hadi mlango wa jenereta, mtazame ule msumari, na kama ufunguo haupo, tafadhali msiondoke kabla hamjauliza nani anao.