Barua Iliyopanda Gonja

IDDI: Haloo, posta ya Same. Nani huko?

RUTHI: Ni Ruthi, kaka Iddi. Ruthi wa hospitali, huku Gonja. Habari za mfungo?

IDDI: Alhamdulillahi, dada, koo tu limekauka. Unamtaka mwenzako? Yuko hapa barazani kwenye benchi langu, anahesabu mabehewa. Nathanaeli, simu yako. Nawapa dakika sita, halafu nakata, Bwana D.C. anasubiri laini ya Tanga.

NATHANAELI: Haloo, haloo. Unaongea na mtunzi mashuhuri, ambaye huu mwezi wa pili hajachovya kalamu kwenye wino. Hata jina langu sijaliandika.

RUTHI: Hata jina lako.

NATHANAELI: Hata jina. Tangu kitabu kitoke napumzisha ubongo. Asubuhi naitazama treni ikienda Moshi, jioni naitazama ikirudi Tanga. Mchapaji ananiandikia kila wiki, anataka hadithi nyingine ya mapenzi kabla ya mvua. Barua zake nampa mama muuza karanga, anafungia.

RUTHI: Basi uko mapumzikoni.

NATHANAELI: Kabisa. Mbona sauti yako iko hivyo? Umekesha zamu?

RUTHI: Juzi mshenga alikuja nyumbani. Kaleta barua ya posa.

NATHANAELI: Posa ya nani?

RUTHI: Kwetu tuko wasichana wangapi, Nathanaeli?

NATHANAELI: Ya kwako? Kutoka kwa —

RUTHI: Hezroni wa Kisiwani.

NATHANAELI: Yule wa ng'ombe.

RUTHI: Umemjua upesi.

NATHANAELI: Nani asiyemjua? Ng'ombe wake wanalala relini, treni inapiga honi mpaka —

RUTHI: Nisikilize, sina muda. Mwalimu aliisoma barua mbele ya wazee. Baba akataka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Baba yangu, mzee wa kanisa, ambaye mahubiri ya Krismasi aliyaita maneno mengi. Alitoa kitambaa akafuta macho. Akasema, mtu mwenye maneno haya atamtunza mtoto wangu.

NATHANAELI: Alifuta macho? Mzee Eliamini mwenyewe?

RUTHI: Mbona umefurahi?

NATHANAELI: Sijafurahi. Ni waya huu, unakoroma.

RUTHI: Barua ninayo hapa mkononi. Mwandiko ni wako.

NATHANAELI: Ruthi, jamani. Sote tulifundishwa kuandika na mwalimu mmoja wa misheni, kwa fimbo moja. Upare nzima ina mwandiko huo huo. Ukimshika kila mwenye —

RUTHI: Nikusomee? "Anapotembea ni kama amebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, na hataki tone lipotee njiani."

(waya unakoroma)

RUTHI: Upo?

NATHANAELI: Nipo.

RUTHI: Maneno haya ulinipa mimi, mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa. Karatasi yake iko chini ya godoro langu mpaka leo. Hezroni hajapata kuniona nikitembea. Ananiona kanisani, na kanisani nakaa.

NATHANAELI: Sawa. Niliandika mimi.

RUTHI: Na wewe hujachovya kalamu.

NATHANAELI: Ile siyo kuandika, Ruthi, ile ni — nakaa zangu benchini, anakuja mtu na shida yake. Huyu anaomba likizo kwa mzungu wake wa mkonge, yule mkewe kakimbilia kwao, anataka arudi kabla ya kuvuna. Mtunzi asiye na hadithi atakula nini? Nawaandikia. Na za posa ndizo nyingi msimu huu, watu wameuza kahawa.

RUTHI: Na Hezroni akakaa benchini.

NATHANAELI: Akakaa. Lakini nisikilize. Sikujua inakwenda kwenu.

RUTHI: Hukujua.

NATHANAELI: Ningejuaje? Barua ya posa haimtaji msichana, wewe unajua desturi. Unaandika "Mzee wetu mpendwa, tumepita njiani, tumeona ua katika bustani yako." Basi. Bustani ya nani, ua gani, hayo ni ya mshenga kwenda kuyasema kwa mdomo.

RUTHI: Nawe hukuuliza.

NATHANAELI: Fundi cherehani anauliza suruali inakwenda harusi ya nani?

RUTHI: Kwa hiyo alikuja Hezroni, hakukutajia msichana, ukachukua mwendo wangu ukampa kwa ajili ya msichana usiyemjua.

NATHANAELI: Maneno mazuri hayaji kila siku. Yakija, mtu anayatumia tena.

RUTHI: Umewapa wangapi?

NATHANAELI: Ruthi —

RUTHI: Huku milimani tunatembea hivyo wangapi?

NATHANAELI: Watano. Sita pamoja na wewe. Yule wa Ugweno usimhesabu, yule alikataa.

RUTHI: (anatoa sauti kama kwikwi)

NATHANAELI: Ruthi? Unalia?

RUTHI: Nacheka, ila sijapenda. Mwaka mzima naogopa hata kutandika godoro lile, kumbe nimelalia tangazo la sokoni.

NATHANAELI: Usiseme hivyo.

RUTHI: Niseme vipi? Lakini afadhali hilo. Ulevi wa maneno naufahamu, nimekuwa nao mwaka mzima. Tangu juzi nilikuwa nafikiria jambo jingine.

NATHANAELI: Jambo gani?

RUTHI: Kwamba ulijua.

NATHANAELI: Mimi? Nijue kwamba ni wewe, halafu nimpe Hezroni —

RUTHI: Dorkasi tunayelala naye chumba kimoja ndiye aliyeanza. Anasema mtunzi akikosa hadithi haoni haya, atamweka hata mchumba wake hatarini apate la kuandika. Nilimkemea. Kisha sikulala.

NATHANAELI: Mwambie Dorkasi afunge vidonda.

RUTHI: Kesho mshenga anarudi kuchukua jibu. Baba kaniuliza mara moja tu, nikamwomba nimalize zamu. Sasa sikiliza. Kama hukujua, namwendea jioni hii. Namwambia baba, subiri, kuna mwingine yuko njiani, na maneno yaliyokutoa machozi ni ya huyo. Atanielewa. Mjomba wako Daudi apande na lori la asubuhi.

NATHANAELI: Atapanda. Namtoa kitandani mwenyewe.

RUTHI: Na kibuyu cha dengelua. Mjomba wangu hafungui mdomo bila pombe hiyo ya miwa.

NATHANAELI: Viwili.

RUTHI: Kama hukujua.

NATHANAELI: Sikujua.

RUTHI: Unanijibu upesi mno, Nathanaeli. Kila siku ukisema kweli unaanza na mzaha kwanza.

NATHANAELI: Sasa nijibu vipi? Muulize Iddi basi, alikuwepo, meza yake iko hatua tatu kutoka benchini. Iddi, uko kwenye waya?

IDDI: Sipo.

NATHANAELI: Iddi, mwambie. Hezroni alipokaa pale, mimi nilijua barua ni ya kwa nani?

IDDI: Ndugu yangu, usiniingize.

RUTHI: Kaka Iddi, nakuomba.

IDDI: Dada, nimefunga.

RUTHI: Ndiyo maana nakuomba leo.

IDDI: (anakohoa) Alipoanza kuandika hakujua.

NATHANAELI: Umesikia? Haya, Iddi, ahsante, kazi njema.

RUTHI: Alipoanza. Alipomaliza je?

NATHANAELI: Iddi, muda umekwisha, si umesema dakika —

IDDI: Bado moja. Dada, barua ya kwanza ilikuwa ya kila siku. Ua, bustani, amani ya Bwana. Hezroni akaikunja, akasema, hii inapanda Gonja kwa Mzee Eliamini, namtaka yule binti wa hospitali. Nikaacha kupiga mihuri. Nikasema moyoni, leo posta yangu itamwaga damu.

RUTHI: Halafu?

IDDI: Akatazama reli. Hezroni anamuuliza, vipi, fedha haijatosha? Yeye akamnyang'anya ile barua, akaichana, akaja mezani kwangu kuomba karatasi nyingine.

NATHANAELI: Iddi.

IDDI: Ile ya maji kaiweka hapo, dada. Mwanzo haikuwemo. Na hao watano siwajui. Barua zote anazisoma hapa barazani kwa sauti, watu wanapiga makofi, na maneno yale sijayasikia kwingine.

RUTHI: Akaiandika upya.

IDDI: Mpaka adhuhuri. Hezroni alisinzia.

(waya unakoroma, kisha unatulia)

RUTHI: Nathanaeli.

NATHANAELI: Nipo.

RUTHI: Ungeweza kuikataa. Ungeweza kuiacha ile ya kwanza, baba asingetoa hata kitambaa mfukoni.

NATHANAELI: Najua.

RUTHI: Kwa nini, basi?

NATHANAELI: Ruthi, ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Ningeachaje usomewe barua mbovu mbele ya wazee?

(mlio mdogo kwenye waya)

NATHANAELI: Namtuma mjomba kesho. Ruthi? Na mimi mwenyewe nitapanda, lori hilo hilo. Haloo? Iddi, mbona umekata, dakika ilikuwa bado.

IDDI: Si mimi, bwana. Wameweka simu huko Gonja.